Jibu: Sanamu za Ain Ghazal si za mawe

Mkuu, umeuliza kama zile sanamu za watu za Ain Ghazal, kijiji cha kale pale Amman, Jordan, zilichongwa kwenye jiwe. Hapana, ni chokaa. Wanakijiji walichoma mawe ya chokaa, kama wazee wa pwani yetu walivyochoma matumbawe, wakakanda rojo na kuipaka juu ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Matete yalishaoza, alama zake zimebaki ndani.

Macho ndiyo yananitisha: makubwa, yamezungushiwa lami ya asili, yanakukodolea tu. Mikono hawakuihangaikia sana. Na nyingine ni kifua kimoja chenye vichwa viwili!

Zilikutwa mwaka 1983 na 1985, zimefukiwa mashimoni chini ya nyumba zilizohamwa. Zina zaidi ya miaka 8,000, na ndefu kabisa inafika kama mita moja. Kwa nini zikazikwa? Wengi wanasema ni sanamu za wahenga wao, maana wanakijiji haohao, wakulima na wafugaji wa mbuzi, walifukua mafuvu ya wafu wao wakayasiriba chokaa usoni. Naafiki, ila hivyo vichwa viwili vimenishinda. Ukipita Amman, ziangalie Makumbusho ya Jordan.