Druidi akigeuka dubu, hasira za babariani zinabaki?

Mkuu, umeuliza kama druidi wako (mganga anayeweza kujigeuza mnyama), mwenye ngazi mbili za babariani (mpiganaji anayepata nguvu kwa hasira), anaruhusiwa kupandisha hasira akishageuka dubu, maana meza yenu ya Sinza imegawanyika. Kwa Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika) toleo la 5, sheria za 2014, anaruhusiwa. Akijigeuza kwa uwezo wake wa kidruidi, nguvu, wepesi na ustahimilivu vinakuwa vya mnyama. Akili, busara na haiba vinabaki vyake, na uwezo wa fani zake unabaki ilimradi mwili mpya unauweza. Dubu kukasirika, jamani, hilo nalo la kubishania?

Na faida ipo. Dubu mweusi ana uhai 19 tu, lakini kwenye hasira panga, rungu na mishale vinamuumiza nusu.

Shida iko kwenye uganga. Akiwa dubu haanzishi uganga mpya hadi afike ngazi ya 18 ya udruidi, ila ule anaoushikilia kwa umakini unaendelea. Akipandisha hasira, unakatika palepale. Kama ameshaangusha mwale wa mwezi, mmoja wa uganga huo wa kushikilia, juu ya maadui, aung'ang'anie, hasira zisubiri.

Yule anayesema uwezo wote unapotea anachanganya na Polymorph, uganga wa kumgeuza mtu mnyama. Huo hubadilisha karibu kila kitu, hata akili, kwa hiyo hasira hakuna.

Muulizeni mwendesha mchezo mnatumia sheria zipi. Kwa zile za 2024 hupewi uhai wa dubu. Unabaki na wako, ukiongezewa wa muda sawa na ngazi zako za udruidi.