Mchezeshaji wa kuhamahama: mambo ya kujua kabla ya kusaini nje ya Lubumbashi

Vijana wengi wanaocheza kikapu hapa Lubumbashi wanamtazama Bismack Biyombo, mtoto wa mji huu, aliyepitia Fuenlabrada huko Hispania na kuchaguliwa wa 7 kwenye drafti ya NBA, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 2011. Njia ile ni ya mtu mrefu. Pivoti, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, huvumiliwa msimu mzima, hata miwili, kwa sababu urefu haufundishwi. Namba moja, yaani mchezeshaji anayeongoza timu, mwenye mita 1.85 hapewi muda huo, kwani wa kimo chake wako kila mji duniani.

Wachezeshaji wanahama, hata wale wakubwa. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alianzia Guangdong nchini China, akachaguliwa wa 7 mwaka 2015 na Denver, akapita New York na Utah, na mwaka 2021 alikuwa Lithuania na Žalgiris. Myck Kabongo, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992 na kukulia Toronto, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2013, akaingilia mlango wa ligi ya maendeleo ya NBA. Ish Smith naye hakuchaguliwa mwaka 2010, lakini amevaa jezi za timu 13 za NBA, rekodi ya ligi hiyo, na ya 13, Denver, ikampa ubingwa wa 2023. Kuhama si aibu. Ni kazi yenye ufundi wake, na ufundi huo unafundishika.

Anza na karatasi, maana ndizo zinazowaangusha Wakongomani wengi kabla hawajagusa mpira. Sisi tuna jina, jina la baada, na jina la ubatizo. Ukisajiliwa kwenye ligi kwa majina mawili na pasipoti ikawa na matatu, au yakapinduliwa mpangilio, mfumo wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, unaona watu wawili tofauti na usajili unakwama. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye leseni, mkataba, video na akaunti ya benki. Kama cheti chako cha kuzaliwa kilitolewa kwa hukumu ya mahakama miaka mingi baadaye, hakikisha tarehe yake inalingana na ya shule. Tarehe mbili zinazua swali la umri, na swali la umri halikauki.

Kisha kuna barua ya kuachiwa. Klabu mpya inaiomba kupitia shirikisho la nchi yake, na FEBACO, shirikisho letu la kikapu, inapaswa kujibu ndani ya siku 7. Sababu halali ya kukukatalia ni kwamba bado una mkataba. Kwa hiyo ujue tarehe ambayo mkataba wako wa hapa unakwisha, na uwe na nakala yake mkononi. Chini ya miaka 18 uhamisho wa kimataifa umekatazwa isipokuwa kwa hali maalumu, kwa hiyo mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 16 timu ya Ulaya “mwezi ujao” asipewe hata dola moja.

Video iwe ya dakika 4 na isizidi hapo, na mchezo mmoja mzima usiokatwa uwekwe pembeni. Kocha anatazama sekunde 30 za kwanza, halafu anaruka kwenye ulinzi. Usianze na danki. Anza na skrini, yaani mwenzako anaposimama kumzuia anayekukaba, unayoitumia kwenda kushoto, nyingine kwenda kulia, pasi ya mkono dhaifu, kisha unavyomkaba mwenye mpira kiwanja kizima. Andika urefu uliopimwa bila viatu. Ukidanganya sentimita 4, wataziona siku utakaposhuka kwenye ndege, na hawataamini tena kitu kingine ulichoandika.

Mchezeshaji wa kigeni huitwa mara nyingi katikati ya msimu, mwenzake ameumia au amefukuzwa. Ligi nyingi zina idadi maalumu ya wageni, kwa hiyo unakalia kiti ambacho klabu ingeweza kumpa mfungaji. Una kama siku 10 za kuonyesha kwamba wenzako wanacheza vizuri zaidi ukiwa ndani. Siku ya kwanza omba orodha ya michezo yote ya timu, yaani mipango yake ya kushambulia, ichore kwa mkono, na usiishie kwenye nafasi yako: jifunze anaposimama kila mmoja wa wale watano. Mchezeshaji asiyejua namba nne, mwenzake pivoti, anaelekea wapi atampa mpira mgongoni. Majina ya michezo huitwa kwa Kiingereza karibu kila mahali, hata kocha akiwa Mfaransa au Mturuki, kwa hiyo jifunze maneno hayo ukiwa bado Lubumbashi.

Sasa skrini, kwani hapo ndipo mshahara wako unapotoka. Ngoja miguu ya mwekaji skrini itulie kwanza. Ukianza kudunda mapema anakufuata akitembea, refa anapuliza, na kosa linaandikwa kwake ingawa ni lako. Ukipita, bega lako liguse nyonga yake. Macho yako yasimfuate anayekukaba, yamtazame yule anayemkaba pivoti wako. Akirudi nyuma karibu na kikapu, simama kwenye mstari wa mitupo huru, mita 4.60 kutoka kwenye ubao, urushe. Huo ndio mtupo ambao walinzi hao wanauacha wazi. Akiruka nje kukuziba pamoja na mwenzake, rudi nyuma midundo miwili wakufuate, kisha mpe pivoti mpira mfupi katikati: sasa ni wanne dhidi ya watatu. Walinzi hao wawili wakibadilishana watu wa kukaba, tulia. Mvute yule mrefu mpaka nje ya mstari wa pointi tatu, mita 6.75, umshambulie akiwa amesimama wima. Wengi wetu tunakosea hapa kwa kuharakisha, tukiona mrefu mbele yetu tunapiga pasi ya woga pembeni. Na anayekukaba akipita chini ya skrini, yaani upande wa kikapu, rusha mara moja. Usipofunga mitupo hiyo, kila timu itapita chini na utakuwa umemaliza kazi katika nchi hiyo.

Saa ya shambulio nayo ina hesabu yake. Una sekunde 8 za kuvuka nusu na 24 za kurusha. Mpango wa shambulio uanze saa ikiwa kwenye 18, ili ukikwama pale kwenye 10 ubaki na nafasi ya skrini ya pili. Timu inayoanza kwenye 12 inamaliza kila shambulio kwa mtupo wa kubahatisha, na lawama ni ya namba moja.

Kuhusu mkataba hatutanii, maana vijana wanarudi na deni badala ya akiba. Tuseme ni dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi 8, jumla 16,000. Ukizigawa kwa miezi 12, kwani utakula miezi yote 12, ni dola 1,333 tu. Uliza kama ni safi baada ya kodi. Uliza nani anamlipa wakala. 10% ndiyo kawaida, na Ulaya klabu ndiyo huilipa. Ikitoka mfukoni mwako ni dola 1,600 zimekwenda. Tiketi ya kwenda na kurudi, nyumba, na matibabu viandikwe. Kipimo cha afya kifanyike ndani ya siku 2 au 3 baada ya kufika, na iandikwe kwamba wasipokupima muda huo unahesabika umefaulu kipimo. La sivyo, mwezi wa tatu ukicheza vibaya watakumbuka goti lako la zamani.

Kifungu cha kucheleweshwa malipo ndicho cha kusoma mara tatu. Kiseme wakichelewa siku ngapi una haki ya kusimamisha mazoezi, na siku ngapi una haki ya kuondoka na kudai mkataba wote. Wakichelewa, andika barua pepe, taja kiasi na tarehe, toa muda uleule uliomo mkatabani, usubiri uishe. Kupanda ndege kwa hasira siku mbili kabla kunakugeuza wewe mvunja mkataba. Na kuwe na kifungu cha mahakama ya usuluhishi ya kikapu, BAT, iliyoko Geneva. Nakili maneno yake kama yalivyo kwenye tovuti ya FIBA, kwani yakibadilishwa klabu hubishana kwanza kama mahakama hiyo ina mamlaka. Klabu isiyotii hukumu yake inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji. Ada ya kufungua kesi unaitanguliza wewe, kwa hiyo weka akiba kwa ajili hiyo.

Akaunti ya dola ifunguliwe Lubumbashi kabla ya safari. Pesa za mkononi kwenye bahasha hazina ushahidi. Ukizipokea, andika risiti na uipige picha.

Kiangazi chetu kinakutana na likizo ya Ulaya, na viwanja vingi hapa ni saruji isiyo na paa. Asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi na upepo, kwa hiyo usipime asilimia zako za pointi tatu nje. Hesabu mitupo iliyoingia, 250 kwa siku, 50 ikiwa mitupo huru ukiwa umechoka. Kuruka kupunguzwe kuwa mara mbili kwa wiki. Saruji inakula magoti kuliko mechi.

Siku ya kuondoka kwenye klabu, kabla ya uwanja wa ndege, chukua vitu vitatu: karatasi iliyosainiwa inayotaja unachodai au kwamba hakuna deni, nakala ya picha na ripoti zako zote za daktari, na mechi zako zote kwenye diski yako mwenyewe. Klabu hubadilisha nywila za video msimu ukiisha, na wakala mpya atakuuliza video hizo wiki hiyohiyo.