Weka maji, ukae kimya: picha za ndege wa uani hapa Dodoma

Nilipoanza kupiga picha za ndege nilikuwa nawakimbilia. Nikisikia mlio kwenye mwarobaini nachukua kamera, natoka mbio, nakuta tawi linatikisika tu. Miezi mitatu nilijaza picha za mikia. Kilichonibadilisha ni kigae cha chungu.

Ilikuwa Septemba. Anayeijua Dodoma anaijua Septemba yake: mvua zimekata tangu Aprili na hazirudi mpaka Desemba, upepo unarusha vumbi mchana kutwa, kijani kimebaki kwenye miarobaini na mashamba ya zabibu. Nilikuwa naosha ndoo uani, maji yakatuama kwenye kigae kilichovunjika. Kugeuka, nikaona tetere wawili wanakunywa, hatua nne kutoka nilipochuchumaa. Kamera ilikuwa ndani, nami sikuthubutu kuinuka. Nikatazama tu. Tetere anazamisha mdomo na kufyonza mfululizo bila kuinua kichwa, kama mtoto aliyepewa mrija. Akaja shomoro. Yeye alichota tone, akainua kichwa maji yateremke kooni, akainama tena. Miaka yote nimeishi na ndege hawa, na sikuwa nimewahi kuona kwamba hawanywi sawa.

Tangu siku ile sijamkimbilia ndege. Huku kwetu, kiangazi, mwenye maji ndiye anayetembelewa.

Tafuta chombo kipana kisicho na kina, sinia ya udongo au kifuniko cha chungu. Maji yawe ya kina cha vidole viwili, na katikati weka jiwe la kusimamia videge vidogo. Lita moja kwa siku inatosha, hata kwa sisi tunaosubiri mgao. Kila asubuhi mwaga, sugua, weka mapya, kwa sababu maji yaliyolala siku nyingi yanazalisha mbu. Ya sabuni usiwape kabisa.

Mahali pa kuweka ndipo nilipokosea vibaya. Mwanzoni niliweka sinia chini ya ukuta, kando ya kichaka cha maua, kwa kuwa palipendeza. Paka akajificha humo na kumkamata tetere mbele ya macho yangu. Uchungu ule nilikaa nao wiki nzima. Sasa sinia iko peupe, juu ya matofali matatu, na kichaka kiko mbali kiasi kwamba paka akitoka ndege wanamwona. Pembeni nimechomeka tawi kavu la mgunga. Ndege hatui majini moja kwa moja. Hutua tawini kwanza, anageuza kichwa huku na huku kuhakikisha pako salama, na hapo ndipo anapotulia kwa picha.

Mimi natundika kanga kuukuu kwenye kamba ya nguo, nakaa nyuma yake kwenye kigoda, lenzi ikitokeza pembeni. Jua liwe mgongoni kwako. Saa 1 hadi saa 3 asubuhi ndio muda wangu, halafu tena kuanzia saa 10 na nusu jioni. Jua la mchana wa Dodoma linafuta rangi zote. Lenga jicho. Jicho likitoka wazi, mkia ukififia hakuna atakayelalamika. Kwa ndege aliyetulia kasi ya shata, yaani muda kamera inaoachia mwanga uingie, ya 1/500 ya sekunde inanitosha; akiwa anaoga au anaruka, 1/1000 au zaidi. Na usibadilishe lenzi nje upepo ukivuma. Vumbi letu linaingia hadi ndani ya kamera.

Huna kamera? Egemeza simu kwenye tofali karibu na sinia, washa video, ondoka. Ukirudi utachagua picha humo humo.

Uvumilivu ukizaa, utaanza kumjua kila mmoja. Kwezi wa bluu mwenye tumbo la rangi ya kutu ana jicho jeupe. Ukimwona mwenye jicho jeusi na rangi zilizopoa, huyo bado kinda. Videge vidogo vya bluu, dume wa aina moja ana doa jekundu shavuni kama amepakwa wanja mwekundu, na msimu wa kutafuta mwenza hubeba unyasi mdomoni akimchezea jike. Mvua zikianza, mnana dume anageuka njano na kuanza kusuka kiota, na fumbwe dume anaota mkia mrefu kuliko mwili wake. Kiangazi wote wawili wanafifia, ukiwatazama haraka unasema ni shomoro. Andika tarehe kwenye kila picha, itakusaidia.

Nafaka simwagi. Majirani wana vishamba vya uwele na mtama, na kwelea kwelea wanaowalia nafaka wanawatosha.

Kuhusu viota, nakusihi. Niliwahi kukata kitawi cha mlimao ili nikipate vizuri kiota cha shore. Picha ilitoka safi sana. Kesho yake kunguru alipita pale nilipopafungua, mayai yakaisha. Picha ile niliifuta. Siku hizi nikiona kiota nazunguka upande mwingine.

Oktoba iliyofuata walikuja niliokuwa nawasubiri: kasuku wadogo wa kijani, kichwa cheusi, shingo ya njano, mdomo mwekundu. Asili yao ni nyanda kavu za Tanzania yetu. Ng'ambo watu wanawafuga vizimbani. Hapa wanapita juu ya mabati wakipiga kelele, nasi hatuinui macho. Wanne walitua tawini, mmoja akashuka jiweni. Nilipiga picha sita, mikono ikitetemeka.

Mtoto wa jirani alikuwa amesimama getini, manati shingoni. Nikamwita, nikamkuzia picha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama muda mrefu, ule mviringo mweupe kuzunguka jicho.

"Mama, mbona huyu amevaa miwani?"

Kesho yake saa 1 kasorobo nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda, nyuma ya kanga, ameweka kidole mdomoni kunionyesha nisiongee.