Kwangu vyuma vimekaza, kwako huna nidhamu

Mwaka duka langu la vifaa vya umeme lilipokufa pale Buguruni, kila aliyeniuliza nilimjibu: vyuma vimekaza. Kodi ya fremu ilipanda, wateja walikopa wakapotea. Miezi michache baadaye mdogo wangu naye akauza Canter yake alipe madeni. Mke wangu aliponiuliza imekuwaje, nikasema bila hata kufikiri, "Yule hana nidhamu ya pesa."

Mji uleule, ukata uleule. Mke wangu alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Najua unataka kuniambia nyani haoni kundule. Sawa, ila hata methali hiyo huwa tunamrushia mwenzetu.

Mwaka 1967 wanasaikolojia Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumuunga mkono Fidel Castro, kiongozi wa Cuba wakati huo, na za kumpinga. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande, wasomaji bado waliona aliyemtetea Castro anamkubali kiasi fulani. Ndivyo tulivyo. Tukiona tendo la mtu tunarukia moyo wake, kilichomsukuma hatukioni. Cha kwetu tunakijua, maana kimetubana sisi.

Ndani ya nyumba ndiyo balaa. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa kila mmoja anabeba kiasi gani cha shughuli za nyumbani. Mara nyingi majibu ya wawili yakijumlishwa yalipita asilimia 100. Nikasema tuijaribu. Karatasi mbili, hakuna kuchungulia. Mimi nikaandika 50. Mke wangu, 80.

Nilikuwa nimehesabu kununua umeme wa LUKU, maji ya kubeba bomba likikata, na mlango wa choo nilioutengeneza (mwaka juzi, lakini nilihesabu). Yeye alihesabu kukumbuka: gesi inaisha lini, mtoto ana kliniki lini, sare ipi imekatika kifungo. Kukumbuka! Sikujua kuwa ni kazi, kwa sababu sijawahi kuifanya.

Kwa hiyo, kabla hujamwita mtu mzembe au mchoyo, jiulize wewe ungejitetea vipi ungekuwa mahali pake. Kisha muulize mwenyewe. Mchumba akichelewa, anza na "umekwama wapi?", lile la "huniheshimu" lisubiri. Ila usigeuke mjinga. Foleni ya Tazara ni sababu mara mbili, tatu. Anayechelewa kila Jumamosi, hiyo ni tabia. Na anayekupiga hana foleni ya kusingizia.

Mdogo wangu nilimpigia. Kumbe injini ilimfia safarini, nyanya za watu zikaozea barabarani, na wenye mzigo wakadai chao. Akacheka, akaniambia, "Bro, hata mimi duka lako lilipokufa niliwaambia watu unakopesha ovyo ili uonekane bosi."

Nilitaka kubisha. Nikalikumbuka lile daftari la madeni.