Usikariri Sifa za Maji: Niliyojifunza Baada ya Kupata Alama 31

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Dodoma aliniandikia: "Shikamoo dada. Sifa zote za maji nimezikariri, lakini nikiulizwa zinahusianaje na protini, ninakwama." Ujumbe huo ulinirudisha kwenye mtihani wangu wa kwanza wa biokemia, ambao nilipata alama 31 kati ya 100. Nilikuwa nimeorodhesha sifa saba kwa mwandiko mzuri, na mhadhiri akainyanyua karatasi yangu mbele ya darasa zima na kusema kwamba mwenye karatasi hii anayajua maji kama kasuku anavyojua salamu. Hakutaja jina, lakini waliokaa mbele waliutambua mwandiko wangu. Miaka mingi imepita na neno hilo bado linaniuma, ingawa sasa ninakubali kwamba alisema kweli.

Likizo hiyo niliipitishia kwa bibi, Mpwapwa. Ilikuwa kiangazi, upepo mkavu unavuma kutwa. Mtungi wake ulikaa kwenye kona, juu ya mchanga, na ubavu wake ulikuwa na unyevu wakati wote. Maji ya ndoo ya plastiki iliyokuwa kando yake, kwenye kivuli kilekile, yalikuwa vuguvugu. Ya mtungi yalikuwa baridi hadi yanauma meno. Nilipomuuliza sababu, bibi alisema, "Mjukuu wangu, mtungi usiotoa jasho haupozi," kisha akaendelea kupepeta mtama.

Jibu hilo lilinikesha. Nilichukua daftari nikachora molekuli moja: oksijeni katikati, haidrojeni mbili zilizopinda kwa pembe ya nyuzi 104.5. Kwa kuwa oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo, hivyo kila molekuli hushikana na jirani zake kwa vifungo vya haidrojeni. Sulfidi ya haidrojeni ina molekuli nzito kuliko maji, lakini huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri za Selsiasi, ilhali maji husubiri hadi nyuzi 100 (hapa Dodoma, kwa sababu ya mwinuko, pungufu kidogo). Tofauti kubwa kiasi hicho inatokana na kule kushikana. Molekuli inayotoka kwenye ubavu wa mtungi ni lazima ijing'oe kwa jirani zake, na joto la kujing'olea inalichukua kwenye mtungi wenyewe: gramu moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na juli zipatazo 2,400, zinazotosha kupoza zaidi ya gramu 50 za maji kwa nyuzi 10. Jasho la mtu anayepalilia juani hufanya kazi hiyohiyo, na ndivyo vimeng'enya vya mwili wake, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, vinavyonusurika na joto ambalo lingeviharibu.

Kuhusu protini, nilipata mwanga nikiwa jikoni. Tazama matone ya mafuta juu ya mchuzi: yakigusana huungana kuwa tone moja. Molekuli za maji zinazoyazunguka mafuta hulazimika kujipanga kwa namna inayozinyima uhuru, na mafuta yanapokusanyika pamoja, nyingi kati ya molekuli hizo za maji huachiwa huru. Mnyororo wa protini nao hujikunja kwa sababu hiyo kwa sehemu kubwa: asidi za amino (pingili za mnyororo huo) zisizopatana na maji hujificha ndani, zinazopatana nayo hubaki nje, na kutokana na mkunjo huo kimeng'enya hupata umbo la kufanyia kazi. Utando wa seli hujijenga kwa kanuni ileile. Mdogo wangu, hapo ndipo penye jibu la swali lako.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uanze na umbo la molekuli na uulize kwa nini. Ukikutana na chumvi inayoyeyuka, rudi kwenye umbo, uone oksijeni zikiizunguka ioni ya sodiamu na haidrojeni zikiizunguka ya kloraidi. Ukikutana na pH ya damu (kipimo cha uasidi wake), ambayo mwili huilinda kati ya 7.35 na 7.45, kumbuka kwamba protoni zenyewe, yaani haidrojeni zilizopoteza elektroni, hupokezanwa na molekuli za maji, kisha uulize tena kwa nini. Walimu wenzangu nao ninawasihi waache kutoa alama kwa orodha tupu, kwa maana tunawazoesha watoto kusema wasichokielewa, halafu tunawaaibisha kwa kosa tuliloliotesha sisi.

Kwenye mtihani wa marudio nilipata 74. Mwanafunzi aliyeniandikia nimemwagiza achore molekuli sita za maji zikizunguka tone la mafuta, aeleze chini ya mchoro kila moja inashikana na nani, na anitumie picha kabla ya Jumamosi.