Ngonjera ya dubu na pengwini: kuwatungisha watoto mashairi ya bahari za barafu

Walimu wenzangu hapa Kigoma wakisikia kwamba darasa langu la tano linatunga mashairi ya pengwini, huniuliza kwa nini nisiwape dagaa na migebuka wanaowaona kila siku mwaloni Kibirizi. Hao nao tunawatungia. Lakini mtoto anayetunga juu ya kitu asichowahi kukiona hana budi kuuliza, kusoma na kuchagua neno kwa makini. Ushauri wangu ni huu: mpe ukweli kwanza, vina vifuate.

Anza na baridi yenyewe. Nunua barafu za mtaani, zile za mifuko, kila mtoto ashike kipande kiganjani mpaka kimshinde. Usimfundishe la kusema. Andika ubaoni kila linalomtoka: inachoma, vidole vimekufa ganzi, mkono huu si wangu. Maneno hayo mtayatumia wiki nzima, na yana nguvu kuliko "baridi kali sana" inayojaa madaftari mtoto asipoongozwa. Kisha mwombe mwenye friji akugandishie mifuko miwili, mmoja wa maji matupu, mwingine wa maji yaliyotiwa chumvi ya Uvinza. Wa chumvi hukawia. Hapo ndipo waeleze kwamba maji ya bahari huanza kuganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, na kwamba huko ncha za dunia bahari hufika hapo na kupita.

Sasa leta mnyama, mmoja tu kwa siku. Mimi huanza na pengwini mkubwa kuliko wote, yule wa Antaktiki. Jike akishataga yai moja humwachia dume na kwenda baharini kutafuta chakula. Dume huliweka juu ya miguu yake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo, akasimama hivyo siku 65 hivi katikati ya majira ya baridi bila kula. Watoto walibishana sana kama siku 65 ziitwe miezi miwili. Huu ubeti ulitungwa na darasa zima, mimi nikishika chaki:

Miguuni nina yai, upepo wanipigia,
Chakula mimi sidai, miezi miwili pia,
Na jua halitufai, kwetu limejifichia,
Mwana wetu yuko hai, mama nakusubiria.

Mizani wahesabu kwa makofi, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mstari, nane utao, nusu ya pili. Ila vina visitangulie. Ukianza na vina utaletewa pengwini anayekula ndizi, kwa sababu tu mstari wa juu uliishia na "mbizi".

Dubu mweupe huwagusa kwa namna nyingine. Manyoya yake tunayaona meupe, lakini ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Binti mmoja aliposikia hivyo aliutazama mkono wake kwa muda, akaandika: "Ndani tu weusi sote." Mizani nane kamili, na sikumgusia herufi hata moja. Mwalimu, mstari kama huo ukija, weka kalamu nyekundu chini.

Kuna jambo la kukazania. Vitabu vingi vya picha huwachora dubu na pengwini pamoja, na si kweli. Dubu mweupe yuko Aktiki, kaskazini. Pengwini ni wa kusini, wapo hata Afrika Kusini kwenye fukwe zisizo na theluji. Sasa ngonjera yao itawezekanaje kama hawakutani? Jibu ni buabua wa Aktiki, ndege wa gramu 100 hivi, ambaye kila mwaka huruka kutoka kaskazini mpaka kusini na kurudi. Yeye ndiye tarishi. Dubu wasimame mlangoni, pengwini ukuta wa nyuma, buabua apite katikati ya madawati na beti mkononi. Nafasi hiyo mpe mtoto asiyependa kusema. Atakuwa na kazi kubwa bila kulazimishwa kughani.

Darasani kwangu dubu waliuliza: barafu ya kwenu bado ipo? Ngonjera ikasimama hapo hapo, tukaingia katika joto la dunia na barafu ya bahari ya Aktiki inayopungua, ile ambayo dubu husimama juu yake akimvizia sili. Ndiyo maana nakushauri beti za maswali na beti za majibu zisitungwe siku moja. Pengwini wapewe wiki nzima ya kusoma kabla ya kujibu.