Jibu: Maporomoko ya Sanje kutoka Dar kwa siku mbili

Salama mkuu. Umesema mko Tabata, hamna gari, na hamjui kama Sanje huko Udzungwa mtaiwahi kwa siku moja. Kwa siku moja hapana, msijitese. Kwa siku mbili inawezekana, nilienda hivyo hivyo na mdogo wangu.

Cha kwanza angalia tiketi ya treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, wikiendi hujaa. Mkishuka, bajaji hadi stendi ya Msamvu, mpande basi la Ifakara. Kaeni dirishani: barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi, twiga na swala mtawaona mkiwa ndani ya basi. Shukeni Mang'ula, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Udzungwa, mlale hapo.

Asubuhi na mapema ndipo mpande na mwongozaji. Hifadhi ile haina barabara ndani, ni miguu tu. Maji yanaanguka kama mita 170, na kabla hujayaona unaanza kuhisi manyunyu usoni. Mdogo wangu alinyamaza kimya pale, yeye ambaye hanyamazi. Sikilizeni pia juu ya miti, kuna mbega wekundu wasiopatikana kwingine duniani.

Viatu viwe vya kushika, mizizi inateleza vibaya. Machi hadi Mei masika, mimi nisingewapeleka wazee. Kurudi, tokeni Mang'ula kabla ya saa saba mchana na tiketi ya treni ya usiku mkononi.